Msomaji Alikuwa Jikoni

Nianze na ukweli hata kama unaniaibisha. Kwa miaka kumi na mitano nilimpikia baba mkwe wangu chai bila kujua alikuwa mtu wa aina gani, na yeye hakujua mimi hufanya kazi gani. Tulikaa ploti moja hapa Kitengela. Yeye na Mama walikuwa kwenye nyumba ya nyuma, mimi na mume wangu Roy kwenye vyumba viwili vya mbele, na katikati palikuwa na kamba ya kuanika nguo, pamoja na heshima. Wakamba, watu wa mume wangu, wanaiita nthoni, na sisi watu wa Butere, kule magharibi, tuko nayo vilevile, tena kali. Mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono, hakai naye meza moja, na hamkodolei macho. Unaleta chai, unasalimia ukiangalia kikombe, unaenda zako. Ukiwa na neno refu, unalipitisha kwa mama mkwe.

Kwa hivyo habari za Mzee Ndambuki nilizipata vipande vipande kutoka kwa mume wangu. Alizaliwa upande wa Mashuru, akasoma misheni, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na gazeti moja la wiki la Nairobi, lililokuwa na kurasa za Kiswahili na za Kikamba, ambalo lilikufa kabla hata ya Uhuru. Alikuwa na baiskeli, koti la kaki na penseli sikioni. Mzungu aliyekuwa mhariri wake aliitwa Roy. Mzee alimpa kifungua mimba wake jina hilo, na mpaka leo akimtaja huyo Mzungu ni matusi matupu. Siku moja nilimuuliza mume wangu inakuwaje uitiwe mtu anayetukanwa kila siku. Akacheka. "Baba hapendi kupoteza adui," akasema.

Baada ya Uhuru aliandikia serikali taarifa mpaka akastaafu, akanunua hii ploti wakati Kitengela ilikuwa vumbi na pundamilia. Vyama vingi vilipokuja akasimama udiwani, mwaka wa 1992, akashinda kwa kura arobaini na moja. Alikaa kipindi kimoja tu. Mwaka wa 1997 wenzake waligawa sukari na unga, yeye akagawa karatasi yenye orodha ya mambo aliyouliza kwenye kaunsili. Nani atakoroga karatasi kwenye chai? Akaanguka vibaya sana.

Jina la hiyo kaunsili silitaji, wenyewe wanajijua. Nitasema tu kwamba katika kila mkutano Mzee alikaa akiandika kutoka sala ya kufungua mpaka sala ya kufunga. Madiwani wenzake walimwita Kuku, kwa vile alikuwa akichakura karatasi bila kuinua kichwa. Madaftari yake yalijaa sanduku zima la bati.

Mwaka wa 2003 akapata stroku. Ilikuwa ndogo, Mungu ni mwema, lakini ilimchukulia nguvu za mkono wa kulia na ikamla kumbukumbu za miaka ya karibuni. Mambo ya 1954 angekupa yote, hadi rangi ya mbwa wa Di-Si, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Ukimuuliza ya 1996 anatazama ukuta. Macho nayo yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, na daktari alikuwa amesema wangoje kwanza presha ishuke.

Basi hapo ndipo balaa ikatupata. Serikali mpya ilikuwa inafuatilia viwanja vya umma vilivyonyakuliwa, na mwezi wa tano 2004 Mzee akaletewa barua. Uwanja wa Shule ya Msingi ya Machimbo, pale karibu na shimo la zamani la mawe, ulikuwa umepewa kampuni fulani na kaunsili, Machi 1996. Kumbukumbu za mkutano zilisema aliyetoa hoja ni diwani mmoja ambaye sasa ni marehemu, na aliyeunga mkono ni Mheshimiwa Ndambuki. Afike Kajiado mwezi wa saba, ajieleze.

Habari ilizunguka mtaa mzima kabla hatujamaliza kuisoma ile barua. Mwalimu Odero, mwenyekiti wa wazazi, alikuja mwenyewe, akakataa kukaa. "Mzee, sisi ndio tulikupigia kura," akasema. "Watoto wetu walikuwa na kiwanja kimoja tu. Kimoja!" Elsie wangu, aliyekuwa darasa la nne hapohapo Machimbo, akarudi nyumbani akilia kwamba wenzake wamemwambia babu yake aliuza shule. Niliwaka. Nilitaka kwenda kwa hao wazazi mmoja mmoja niwaambie ya kwangu. Lakini ningeambia watu nini? Roy alipomuuliza baba yake, "Baba, uliunga mkono?" Mzee alijibu neno moja.

"Sijui."

Angekataa tungekuwa na la kusema. Angekubali pia, tungetubu kanisani maneno yaishe. Lakini mtu asiyejua kama yeye ni mwizi au si mwizi, utamtetea vipi?

Jibu lilikuwa kwenye sanduku, wote walijua. Daftari la Machi 1996 lilikuwepo, tarehe imeandikwa juu kwa tarakimu. Lakini ndani hakuna aliyeweza kusoma hata mstari, na mwenye kuandika alikuwa haoni. Roy akaanza safari. Alienda Machakos kwa karani wa zamani wa korti, akakuta matanga. Akaenda Nairobi kwenye chuo kimoja, vijana wa pale wakalizungusha daftari juu chini na kuliita Kiarabu. Akaenda mpaka Ewuaso Kedong kumtafuta sista mmoja aliyewahi kufundisha makarani, akaambiwa amerudi kwao Ireland tangu zamani. Wiki tano hizo.

Na mimi je? Mimi niliambiwa, "Tunatafuta mtu wa kusoma maandishi ya Mzee." Nikadhani ana mwandiko mbaya. Nikamjibu Roy, "Si mpeleke kwa daktari, wao ndio wamezoea." Akakasirika, tukaacha hapo. Lile daftari sikuwa nimeliona hata jalada. Lilikuwa chumbani kwa baba mkwe, na chumba cha baba mkwe mimi nakijua kwa nje tu.

Jumamosi moja asubuhi nilipeleka chai kama kawaida. Mzee alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake, na Mama Nzula, mama mkwe wangu, anachagua ndengu kwenye ungo. Daftari lilikuwa limeachwa wazi juu ya stuli, mahali ninapowekaga kikombe. Nikainama kulisogeza. Nikaona.

"Lakini hii ni hatimkato," nikasema.

Mikono ya Mama Nzula ilisimama juu ya ungo. Nikadhani wamekasirika kwa sababu nimegusa. "Ile ya Pitman, ya kuandika haraka mtu akiongea," nikaongeza, na sauti yangu inapungua. "Tulifundishwa chuo, themanini na tano. Nilikuwa napiga maneno mia moja kwa dakika. Siku hizi mabosi hawasomi barua mtu aandike, wanataka kompyuta tu, ndio maana…"

"Mama Elsie," Mzee akasema. Alikuwa hajawahi kunikatiza maneno, kwa sababu hatukuwa na maneno ya kukatizana. "Unaweza kusoma hiyo?"

"Naweza kujaribu, Baba."

Mama Nzula aliweka ungo chini pole pole. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka ndengu zikamwagika. "Aiya! Roy amemaliza viatu! Machakos, Nairobi, Kedong! Na msomaji yuko jikoni kwangu anapika chai!" Roy alitoka kwenye bafu na povu masikioni kuja kuona nani amekufa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wanasema, na hawa wangu waliinama kila mahali isipokuwa uvungu wa nyumba yao. Ningecheka na mimi, lakini nilikuwa na hasira kidogo. Miaka kumi na mitano mtu anaamka saa kumi alfajiri kwenda ofisini Industrial Area, na nyumba nzima inajua tu kwamba "anafanya kompyuta."

Sasa shida ikawa namna ya kusoma. Hatimkato ya mtu ni kama mwendo wake, kila mmoja na wake. Mzee alijifunza kwa posta, tena akaikata alivyopenda ili ibebe Kiswahili. Vokali hakuna, majina ya watu ni herufi mbili. Ningehitaji kukaa naye ubavuni, nimtajie alama, aniambie alikuwa akimaanisha nini. Ubavuni! Nilisimama pale na daftari, sijui niweke wapi miguu. Mama Nzula ndiye aliyekata shauri. Alileta stuli yake, akaiweka katikati yetu, akakaa juu yake na ungo magotini. "Haya, nthoni iko hapa katikati inachagua ndengu," akasema. "Someni."

Kabla sijafungua, Mzee akainua mkono wa kushoto.

"Mama Elsie, kama ni mimi, usome hivyo hivyo. Usinifunike."

"Si wewe, Baba," nikasema, kwa huruma tu.

"Hujui. Mimi najua nilishafanya." Akatueleza, akiangalia mbele, na hata Roy alikuwa hajawahi kuyasikia haya. Mwaka wa 1956 alitumwa na gazeti kwenye baraza moja ukambani. Di-Si aliwaambia watu malisho yao yamefungwa, wahame kabla ya mvua. Watu walinyamaza, kimya kabisa, na mwanamke mmoja akaanza kulia. Mzee aliandika hivyo. Roy Mzungu akakata, akaandika kwamba wananchi walipokea habari kwa makofi, akamsukumia karatasi. "Weka jina lako au weka koti la kazi mezani," akamwambia. Mzee alikuwa na mke na mtoto njiani. Akaweka jina. Kati ya waliohamishwa alikuwemo mjomba wake, Wathome, ambaye alisoma gazeti lile na hakumsemesha tena mpaka akafa.

"Kutoka siku hiyo naandika kila kitu kwa mkono wangu, kama kilivyo," akasema. "Lakini mtu aliyeogopa mara moja anaweza kuogopa tena. Na Machi 1996 nilikuwa nimezeeka. Kwa hivyo soma."

Niliomba Mungu kimoyomoyo, nikaanza na ajenda ya kwanza. Penseli ilikuwa imefifia. Ajenda ya kwanza na ya pili ni maji na choo cha soko, tukachukua saa nzima kwa sababu nilikuwa najifunza mkono wake. Alama moja ndogo kama ndoano ilinishinda, akaniongoza kwa swali moja moja mpaka tukaipata. Ilikuwa ni "mwenyekiti." Ajenda ya tatu, ada za machimbo. Ya nne, mtu alilala, na Mzee aliandika jina lake na dakika alizolala. Mama Nzula akakohoa kicheko. Ya tano nikairuka, Mzee akanirudisha.

Ajenda ya sita: kiwanja cha shule, Machimbo.

Nilisoma neno kwa neno. Hoja imetolewa na fulani. Mwenyekiti anauliza nani anaunga mkono. Hapo nikasimama, kwa sababu nilishaona mstari unaofuata kwa jicho, na sikuamini. Nikaurudia peke yangu. Nikaurudia tena.

"Soma!" Mzee akasema kwa ukali. Roy alikuwa ameshika mlango.

"Mimi nimesimama," nikasoma. "Nimesema hapana, shule haina kiwanja kingine. Mwenyekiti: kaa chini. Nimesema sikai. Mwenyekiti: basi toka. Nimetoka saa tano na dakika arobaini. Askari wa mlango, ole Parmuat, ameandika jina langu kwenye kitabu chake."

Halafu ukurasa uliobaki ni mweupe. Hakuwemo ndani hoja ilipoungwa mkono.

Kidevu cha Mzee kilikuwa kinacheza. Mama Nzula alimshika goti, akasema kwa Kikamba maneno ambayo Roy hajanitafsiria mpaka leo. Mimi nililia kwa sauti, kamasi na yote, mbele ya baba mkwe wangu, na wala sikuona haya. Ilikuwa kama kutua gunia. Nilisikia njaa ghafla, nikakumbuka kwamba hatujala tangu asubuhi.

Lakini Kajiado ilikuwa bado. Mwezi wa saba tulifika pale kwenye ukumbi wa serikali, sisi wanne, na Mwalimu Odero na wazazi kumi wakakaa nyuma kuona mwisho wake. Ofisa kutoka Nairobi alikuwa mwanamume mnyamavu, na mezani pake alikuwa na faili zenye urefu wa mtoto. Wakili wa kampuni aliposikia habari ya daftari alisimama akitabasamu. Mikwaruzo, akasema. Mikwaruzo ambayo hakuna anayeisoma ila mke wa mtoto wa mshtakiwa! Kesho ataleta mke wa mtoto wake naye asome viganja. Watu wakacheka. Haki ya Mungu, ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia.

Ofisa hakucheka. Aliuliza kama kuna mtu mwingine katika jumba lile aliyesomea hatimkato. Wakatafuta, na kutoka chumba cha rejista akaja mama mmoja wa miwani, Bi. Mutindi, aliyebakiza miezi minne astaafu. Alipewa daftari, akapelekwa chumba kingine peke yake. Ofisa akaagiza pia kitabu cha mlango cha mwaka ule kitafutwe kwenye stoo ya kaunsili. Wakili akasema hakitapatikana. Hicho kitabu hakuna mtu aliyewahi kufikiria kukiharibu, kwa sababu ni nani hufikiria askari wa mlango anaandika kitu cha maana?

Tulingoja saa mbili. Roy alikuwa anatafuna kucha. Mwanasheria wetu, kijana tuliyesaidiwa na kanisa, akamwinamia Mzee akamnong'oneza kwamba ofisa atamuuliza kama anaikumbuka siku ile, na aseme ndiyo tu, anakumbuka. Neno moja, wamalize, waende nyumbani. Nikasema moyoni, aki Baba, sema tu.

Bi. Mutindi alirudi na karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Ofisa akaweka karatasi za huyo mama kando ya zangu, nilizoandika nyumbani tukazileta. Nilimwona akipitisha kidole huku na huku. Zilitofautiana mahali pawili: mimi nilisoma "kaa chini," yeye akasoma "keti," na jina la aliyelala. Akamgeukia Mzee.

"Mzee Ndambuki, wewe mwenyewe unaikumbuka siku hii? Unakumbuka ukitoka?"

Mzee alisimama, ameshikilia kiti kwa mkono wa kushoto. Mwanasheria wetu alikuwa anamwashiria kwa kichwa wazi wazi, aseme ndiyo.

"Hapana, bwana," akasema. "Sikumbuki hata kidogo. Hayo mimi pia nimeyasikia kama nyinyi."

Nilifumba macho. Nikajua tumekwisha. Wakili wa kampuni alikuwa ameshainuka kuzungumza, mdomo wazi, wakati karani wa stoo alipoingia na kitabu kirefu chenye vumbi, kimeliwa na panya pembeni. Ofisa akafungua mwenyewe. Akatafuta Machi. Akasoma kwa sauti, bila kubadilisha uso: "Ndambuki, diwani. Ametoka, tano arobaini. Hakurudi." Chini yake palikuwa na sahihi ya ole Parmuat, na sahihi ya Mzee mwenyewe, ile ya mkono wa kulia aliokuwa nao zamani.

Wakili akakaa.

Ofisa alisema jina la Mheshimiwa Ndambuki linaondolewa katika shauri hili, na kwamba kumbukumbu zile zitachunguzwa zilitungwa na nani. Uwanja nao, niwaambie kabla sijasahau, ulirudi kwa shule mwaka uliofuata, na hati ya kampuni ikafutwa. Mwalimu Odero alikuja mbele siku hiyohiyo, mbele ya wote, akamwambia, "Mzee, tulikukosea, utusamehe." Mzee hakumjibu. Nilidhani ana kinyongo, nikamgeukia nimwombe asiwe mgumu.

Alikuwa amelala. Hapo hapo kitini, kichwa kimeangukia bega la Mama Nzula, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Roy akataka kumwamsha kwa aibu. Mama akampiga mkono. "Wacha," akasema, "tangu ile barua ije huyu mtu hajalala usiku mmoja." Ofisa alimtazama, akafungua faili la kesi iliyofuata, na akaendelea kusoma kwa sauti ya chini.